Je, Wajua? Leza Yenyewe Ndiyo Sehemu Rahisi

Filamu zimetuharibu. Mtu akisikia maabara ya leza hufikiria chumba chenye miale myekundu iliyopishana hewani na mwizi mwembamba akijipinda katikati yake. Ukiingia kwenye maabara yenyewe unakutana na giza, mvumo wa feni na pampu, nyaya zisizo na idadi, na meza kubwa ya chuma iliyojaa vioo vidogo. Mwali hauonekani kirahisi ukipita hewani, labda kuwe na vumbi au moshi.

Kazi inayofanyika humo ni kuihoji maada. Kila atomi na kila molekuli ina rangi zake za mwanga inazozimeza na kuzitoa, na hakuna mbili zenye mpangilio uleule. Anayejua kuzisoma rangi hizo anaweza kutambua jiwe lina nini, hewa imebeba nini na damu ni ya mnyama gani. Hiyo ndiyo spektroskopia. Leza huleta mwanga safi wa rangi moja, na hilo siku hizi si tatizo. Kazi ni kulipata jibu la maada, ambalo mara nyingi ni hafifu kupindukia. Fedha, muda na akili nyingi za maabara huishia kwenye vitu vinavyoizunguka leza, na humo ndimo mlimo na vituko.

Meza kwanza

Je, wajua kwamba mara nyingi meza hufika maabara kabla ya leza? Meza ya optiki ni mabamba mawili ya chuma yenye sega la chuma katikati, na husimama juu ya miguu iliyojazwa hewa iliyoshindiliwa. Lori likipita barabarani, au mtu akibamiza mlango wa korido, mtikisiko huishia kwenye hewa ile. Si anasa. Kuna vipimo ambavyo kioo kikisogea robo ya elfu moja ya milimita, kazi ya mchana kutwa imeharibika.

Uso wa meza umetobolewa matundu ya skrubu, moja kila milimita 25, ya skrubu za M6. Meza za Kimarekani hupimwa kwa inchi, na skrubu zake ni za robo inchi. Kwa macho zinafanana. Ile ya Marekani ikitiwa kwenye tundu la M6 huzunguka kidogo kisha hukwama, na hapo ufunguo wa alenki hausaidii tena. Maabara iliyopokea vifaa kutoka pande zote mbili za Atlantiki huishi na makopo mawili ya skrubu, na anayeyachanganya atasemwa wiki nzima.

Ukitaka kumjua fundi wa leza, mtazame akiupitisha mwali kwenye vitundu viwili vilivyoachana urefu wa meza. Ana vioo viwili, kila kimoja na skrubu mbili za kukiinamisha: moja kwa juu na chini, nyingine kwa kulia na kushoto. Kioo cha kwanza hukirekebisha akitazama kitundu cha karibu, cha pili akitazama kitundu cha mbali. Lakini kila akigusa kimoja, kingine kimeharibika. Basi hurudi cha kwanza, halafu cha pili, halafu cha kwanza tena, kila mara kosa likipungua, mkono mmoja kwenye skrubu na mwingine umeshika kipande cha kadi nyeupe cha kuonyesha mwali umetua wapi. Mwenye uzoefu humaliza kwa dakika chache. Anayejifunza anaweza kuaga jua dirishani, kama chumba kina dirisha.

Mwali usioonekana ndio wa kuogopa

Leza mojawapo iliyoenea sana maabara hutumia fuwele iliyotiwa chembe za neodimiamu na kutoa mwanga wenye urefu wa wimbi wa nanomita 1064. Jicho halioni mwanga huo, lakini lenzi ya jicho huukusanya vilevile na kuuweka kwenye retina kwa nukta moja. Aliyepigwa na mwali mwekundu angalau hufumba macho. Aliyepigwa na huu usioonekana hana cha kumshtua.

Ndiyo maana anayeingia huvua saa na pete, kwa kuwa chuma kinachong'aa huurusha mwali pasipojulikana. Ndiyo maana pia mwali hupangwa usiwe kwenye kimo cha macho ya mtu aliyesimama wala aliyeketi, na kalamu ikianguka sakafuni, mtu huinama akiwa ameupa mwali kisogo. Miwani ya kinga nayo si ya kuazimana ovyo. Kila miwani imetengenezwa kwa rangi zake. Iliyoandikwa namba 6 kwa nanomita 1064 hupitisha sehemu moja tu katika milioni ya mwanga huo, ila mbele ya leza ya rangi nyingine inaweza isikukinge kwa lolote. Milangoni mwa maabara nyingi duniani kumebandikwa utani unaomkataza mgeni kuitazama leza kwa jicho lililobaki.

Nukta iliyofutwa

Theodore Maiman aliwasha leza ya kwanza tarehe 16 Mei 1960 huko Malibu, California, kwa fimbo ndogo ya rubi ya kutengenezwa iliyozungukwa na taa ya mmweko. Jarida la kwanza alilolipelekea habari hiyo liliikataa makala yake, naye akaichapisha kwa ufupi katika jarida la Nature mwezi Agosti mwaka huohuo.

Kioja kikubwa zaidi kilitokea mwaka uliofuata. Peter Franken na wenzake wa Chuo Kikuu cha Michigan waliupitisha mwali mwekundu wa rubi, wa nanomita 694, kwenye kipande cha kwatzi. Upande wa pili kukatokea pia mwanga wa nanomita 347, nusu kamili. Fuwele ilikuwa imeunganisha chembe mbili za mwanga kuwa moja yenye nguvu maradufu. Hakuna aliyekuwa ameliona jambo hilo kabla. Wakaandika makala na kuambatisha picha: doa kubwa la mwanga mwekundu, na kando yake kinukta hafifu cha mwanga mpya, kimeonyeshwa kwa mshale. Katika kuandaa kurasa, kinukta kilidhaniwa kuwa ni uchafu kwenye picha, kikafutwa. Makala ikatoka na mshale unaoonyesha patupu, na ndivyo ilivyo hadi leo kwa atakayeitafuta.

Kalamu nyingi za leza ya kijani zinazouzwa mitaani hutumia ujanja huohuo wa Franken. Ndani yake mna mwanga usioonekana wa nanomita 1064 unaopitishwa kwenye fuwele na kutoka kijani cha nanomita 532. Zile za bei rahisi sana huweza kukosa kichujio cha kuzuia ule wa kwanza, kwa hiyo hutoka na kijani chake pamoja na kile usichokiona. Mpe mtoto kitu kingine.

Mtandio, nywele na sanduku la sigara

Spektroskopia ni kongwe kuliko leza kwa zaidi ya karne, na wazee wake hawakuwa na vifaa vya kujivunia. Mwaka 1785 huko Philadelphia, Francis Hopkinson alitazama taa ya mtaani kupitia kitambaa cha hariri akaona mistari na rangi asizozielewa. Akamuuliza David Rittenhouse, fundi wa saa na mwanaastronomia, ambaye alitafuta jibu kwa kulaza nywele sambamba baina ya skrubu mbili nyembamba, karibu nywele 50. Ndiyo gretingi ya kwanza kutengenezwa na mtu, yaani kifaa cha mistari mingi sambamba kinachopanga mwanga kwa rangi zake. Jaribu mwenyewe usiku kwa mtandio mwembamba na taa ya mbali. Gretingi za leo huwa na mistari 1200 au zaidi katika kila milimita moja, na hazipanguswi kwa chochote, hata kwa kitambaa laini. Alama ya kidole kwenye uso wake ni ya kudumu.

Mwaka 1859 huko Heidelberg, Gustav Kirchhoff na Robert Bunsen waliunda chombo chao kwa prizimu, sanduku la sigara na vipande vya darubini kuukuu. Kwa chombo cha namna hiyo waligundua elementi mbili mpya, sesiamu na rubidiamu. Ili kupata sesiamu ya kutosha kuichunguza ilibidi kuchemsha hadi kukausha maji ya chemchemi ya Dürkheim, lita zipatazo 44,000.

Moja katika milioni kumi

Tarehe 28 Februari 1928, Chandrasekhara Venkata Raman na msaidizi wake K. S. Krishnan, wakiwa Calcutta, walithibitisha kwamba mwanga ukigonga molekuli sehemu yake ndogo hurudi ikiwa imebadilika rangi, na badiliko hilo hutegemea molekuli yenyewe. Mwanzoni walitumia jua. Waliweka kichujio cha urujuani njiani ili urujuani tu uingie kwenye kimiminika, na kingine cha kijani mbele ya jicho ili urujuani usitoke. Kama mwanga ungebaki vilevile, jicho lisingeona kitu. Likaona. Vifaa vyote viligharimu rupia mia chache tu, na miaka miwili baadaye Raman alikuwa Stockholm akipokea Nobeli peke yake.

Mashine za Raman za leo, za gharama isiyosemeka mezani, bado zinafuata mantiki ileile ya vichujio viwili. Tatizo lao pia ni lilelile. Katika chembe za mwanga zipatazo milioni kumi, moja tu ndiyo hubadilika rangi kwa namna ya Raman, na zilizobaki hurudi kama zilivyokwenda. Kwa hiyo mashine inahitaji kichujio kikali mno cha kuzuia rangi ya leza yenyewe, na kamera iliyopozwa makumi ya nyuzi chini ya sifuri ili joto lake lisijifanye mwanga. Halafu inahitaji giza. Watafiti hubandika utepe mweusi hata kwenye vitaa vidogo vya kijani vya kompyuta na chaja.

Na bado taa ya dari huwatega. Mirija ya taa ina mvuke wa zebaki, na zebaki hutoa mstari mkali kwenye nanomita 546. Mtafiti chipukizi huuona umesimama wima katikati ya data zake, mzuri, mwembamba, wa kurudiarudia, akaanza kuandika kwamba amepata kitu. Mkubwa wake anapita nyuma, anazima taa, mstari unapotea.

Leza ya kuliwa

Arthur Schawlow wa Stanford alikuwa mcheshi, na kwa maoni yangu ndiye aliyeifahamisha leza kwa watu wa kawaida kuliko vitabu vyote. Alikuwa na leza ya rubi aliyoichomeka kwenye umbo la bunduki ya kuchezea. Alipulizia puto la samawati lenye masikio ya Mickey Mouse ndani ya puto kubwa angavu, kisha akafyatua. La ndani likapasuka, la nje likabaki zima, kwa kuwa mwanga mwekundu hupita kwenye puto angavu bila kumezwa lakini puto la samawati huumeza.

Siku hizo leza za rangi, yaani rangi kama za kutilia nguo zikiyeyushwa kwenye spiriti, ndizo zilikuwa zimefungua ukurasa mpya. Ziliweza kubadilishwa kutoka rangi moja ya mwanga hadi nyingine kwa kugeuza kioo au gretingi, jambo ambalo rubi haiwezi. Schawlow na kijana Theodor Hänsch wakajiuliza: lazima iwe spiriti? Wakatengeneza vitindamlo vya jelatini vya ladha kumi na mbili kutoka dukani wakavipiga mwanga kimoja kimoja. Hakuna kilichokubali. Ndipo wakachukua jelatini isiyo na ladha, wakatia rangi ya maabara, nayo ikatoa mwali. Waliichapisha mwaka 1971. Miaka kumi baadaye Schawlow alipata Nobeli kwa mchango wake katika spektroskopia ya leza, na Hänsch akapata yake mwaka 2005. Si kwa ajili ya jelatini, lakini sidhani kama mambo hayo mawili yaliachana mbali.

Kilomita 25 ndani ya bomba fupi

Gesi ikiwa chache mno hewani, mwanga unaopita mara moja hauonyeshi tofauti. Suluhisho ni kuupitisha mara nyingi. Chukua bomba la sentimita 25, ziba ncha zake kwa vioo vinavyorudisha asilimia 99.999 ya mwanga, ingiza mwali, kisha uzime ghafla. Mwanga uliobaki ndani utakwenda na kurudi hadi uwe umesafiri, kwa wastani, kilomita 25 kabla ya kufifia. Unachopima si ukali wake bali muda unaochukua kufifia, ambao ni chini ya sehemu moja katika elfu kumi ya sekunde. Gesi ikiwemo, unafifia upesi zaidi. Uzuri wake ni kwamba leza ikiyumba nguvu kidogo, jambo la kawaida, kipimo hakiathiriki.

Chombo cha aina hii kimewekwa katika kituo cha hali ya tabianchi cha Rwanda juu ya mlima Mugogo, karibu mita 2,590 kutoka usawa wa bahari, kwa ushirikiano na chuo cha MIT cha Marekani. Kinapima kabonidioksaidi, methani na kabonimonoksaidi, na katika msimu wa kiangazi hukamata moshi wa mashamba na misitu inayoungua mbali sana nje ya mipaka ya nchi.

Leza na mbu wa Kilombero

Watafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara, katika bonde la Kilombero nchini Tanzania, wanapotaka kujua mbu amekunywa damu ya nani, wanaweza kumkausha, kumlaza juu ya kidirisha cha almasi na kumulika kwa mwanga wa infraredi. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2019, mashine pamoja na programu ya kompyuta iliweza kutofautisha damu ya mtu, ng'ombe, mbuzi na kuku. Mwanga unaommulika mbu si wa leza. Lakini ndani ya mashine za aina hiyo mna kileza kidogo ambacho hakimgusi kabisa: kazi yake ni kupima mwendo wa kioo kinachosogea huku na huku, kwa usahihi ambao rula yoyote ya chuma isingeukaribia. Bila hicho kipimo chote ni takataka.

Leza nyingine imewahi kulazwa bondeni humohumo, katika kijiji cha Lupiro. Wataalamu kutoka Lund, Sweden, pamoja na wenzao wa Ifakara waliurusha mwali wa infraredi kwa zaidi ya nusu kilomita hewani, na kila mdudu aliyeukata alirudisha mmweko. Kwa kuhesabu mapigo ya mabawa ndani ya mmweko huo waliweza kukisia ni wadudu gani. Kazi hiyo ilikutana na kupatwa kwa jua kwa tarehe 1 Septemba 2016, mchana, na data zikaonyesha kwamba ratiba ya mbu ilivurugika.

Kutoka Mars hadi Songea

Gari la utafiti la Curiosity lilitua Mars Agosti 2012. Tarehe 19 mwezi huo lilipiga jiwe la kwanza kwa leza: mapigo 30 katika sekunde 10, kila pigo likiwa na zaidi ya megawati moja, kwa takriban nanosekunde tano. Kinukta cha jiwe hugeuka plazima, yaani gesi ya moto kupindukia, plazima hung'aa, na rangi zake husomwa kutoka umbali unaofika mita saba.

Mbinu hiyohiyo imeamua kesi ya mawe ya Tanzania. Mwishoni mwa mwaka 2001 soko la vito, hasa Japani, lilifurikwa na safaya za rangi iliyo kati ya waridi na chungwa, ambayo kwa kawaida ni adimu na ghali. Zilikuwa zimetoka kuchomwa Thailand. Wenye kuzichoma walisema ni joto tu, na joto ni desturi inayokubalika katika biashara hiyo. Mwezi Januari 2002 chama cha wafanyabiashara wa vito cha Marekani kikatoa tahadhari. Wataalamu walipoyazamisha mawe kwenye kimiminika na kuyatazama, waliona ganda la rangi ya chungwa limefuata umbo la jiwe lililokwisha kukatwa. Rangi ya asili haijui jiwe litakatwa vipi. Kwa hiyo ilikuwa imeingizwa kutoka nje.

Mhalifu alikuwa beriliamu. Ndani ya vyungu vya tanuru mlikuwa na krisoberili, jiwe lenye beriliamu, na kwa joto la karibu nyuzi 1800 chembe zake zilipenya ndani ya safaya. Sehemu chache katika milioni zilitosha. Mawe yaliyotumika yalitoka Madagascar, na pia Songea mkoani Ruvuma, ambako hutoka safaya nyingi zenye ukijanijani na giza ambazo broka hazimsisimui. Zikitoka tanuruni zilikuwa za manjano, za chungwa, hata nyekundu iliyokolea chungwa.

Maabara nyingi za vito zilikwama. Mashine yao ya kila siku, ya eksirei, haioni beriliamu, kwa kuwa elementi hiyo ni nyepesi mno. Mashine zinazoiona zilikuwa chache na ghali. Mwaka 2004 maabara ya SSEF ya Basel, Uswisi, ikaeleza njia ya leza: pigo moja juu ya jiwe, kisha kuangalia kama plazima inatoa mwanga kwenye nanomita 313, mahali pa beriliamu. Chombo hicho ni cha bei nafuu zaidi kuliko zile kubwa na jibu hutoka papo hapo.

Gharama yake ni kovu. Leza huchimba kitobo ambacho jicho tupu halikioni, lakini lenzi ya sonara inaweza kukiona, na hakuna mwenye jiwe la thamani anayefurahia kusikia kwamba litatobolewa. Kwa hiyo mpimaji hutafuta ukingo wa katikati, pale pande za juu na chini za jiwe zinapokutana, akapiga hapo. Jiwe likishatiwa kwenye pete, sehemu hiyo hubanwa na meno ya dhahabu.